Mtoto Yuko Chuoni: Pesa Zitumwe na Nani, Lini na kwa Njia Gani?



Wachumba wanapojiandaa kufunga ndoa huzungumza mambo mengi: nyumba, ukwe, idadi ya watoto, na kazi ya kila mmoja. Ni wachache sana wanaoulizana hivi: siku mtoto wetu atakapoingia chuoni, ni nani kati yetu atakayemtumia pesa, na mwenzake atajuaje? Swali hili huonekana dogo. Hata hivyo, limevuruga amani ya nyumba nyingi zilizokuwa zimevumilia shida kubwa zaidi. Katika somo hili tutalitazama kwa makini, kisha tutaona njia zinazofaa za kutuma pesa na jinsi ya kuzitumia njia hizo tukiwa wawili.

Mambo yamebadilikaje?

Mtoto akiwa katika shule ya upili ya bweni, mambo ni mepesi kidogo. Karo hulipwa shuleni, chakula hupikwa shuleni, naye mtoto hupewa pesa kidogo tu za mfukoni. Chuoni ni tofauti. Kwa mara ya kwanza mtoto ananunua chakula chake mwenyewe, analipa nauli na kutoa nakala za masomo. Wengi wao hupanga chumba nje ya chuo na kulipa kodi.

Zamani haikuwa hivyo. Wazee wetu waliosoma chuo kikuu miaka ya 1960 waligharimiwa na serikali. Miaka ya 1970 mikopo ya wanafunzi ikaanza. Mwaka 1991 vyuo vikuu vya umma vikaanza kuwatoza wanafunzi sehemu ya gharama, nao wanafunzi wakaanza kujilipia chakula. Mwaka 1995 ikaundwa HELB, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Tangu hapo sehemu ya mzigo imekuwa juu ya mabega ya wazazi.

Njia za kutuma pesa nazo zimebadilika. Wakati wa hawala ya posta, mzazi alitoka nyumbani, akapanga foleni, akaandika barua na kungoja siku kadhaa. Wengine waliwakabidhi madereva wa basi bahasha. Kwa kuwa safari ilikuwa ndefu, mume na mke walilazimika kukaa pamoja na kukubaliana: ni kiasi gani, kutoka wapi, na nani atakwenda mjini. Mwezi wa Machi 2007 M-Pesa ilianza hapa Kenya, na leo mama anaweza kumtumia mtoto pesa akiwa jikoni, sufuria ikiwa bado motoni. Baba naye anaweza kutuma akiwa kwenye matatu.

Urahisi huu ni wa kushukuriwa, kwani umewaokoa watoto wengi na njaa. Lakini tutambue kilichoondoka pamoja na foleni ya posta. Kimeondoka kile kikao cha watu wawili. Siku hizi mzazi mmoja anaweza kutuma pesa kwa dakika moja na mwenzake asijue kamwe.

Madhara ya kutuma kwa siri

Tuchukue mfano. Mtoto anampigia mama: "Mama, chakula kimeisha." Mama anatuma Sh 2,000. Jioni hiyo mtoto anampigia baba: "Baba, kuna kitabu tunatakiwa kununua." Baba anatuma Sh 2,000. Hakuna anayemwambia mwenzake. Mwisho wa mwezi pesa za mbolea hazipo, na kila mmoja anamtazama mwenzake kwa jicho la shaka.

Madhara ya kwanza humpata mtoto. Anajifunza kwamba wazazi wake ni visima viwili, na kwamba kimoja kikikauka atakwenda kwa kingine. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kijana aliyezoea kumzunguka baba kupitia kwa mama, atakapooa atamzunguka mkewe.

Madhara ya pili hupata ndoa. Siku bwana anapoona ujumbe wa pesa kwenye simu ya bibi, au bibi anapouona kwenye simu ya bwana, haulizi kwanza, "Pesa hizi zilikuwa za nini?" Anauliza, "Ni mambo mangapi mengine umenificha?" Jeraha hilo halitibiwi kwa kurudisha shilingi elfu mbili.

Hapa inafaa tuwe wa haki. Mara nyingi siri hutokana na ukali. Kama kila ombi la mtoto hujibiwa kwa kelele, "Mimi si benki!", mzazi mwenye huruma atatafuta mlango wa nyuma. Kwa hiyo, wewe unayeficha, acha kuficha. Na wewe unayefokafoka, jiulize kwa nini mwenzako anaogopa kukuambia.

Kuna pia madhara ya tatu, ambayo hayana kelele. Baba anafikiri mama ametuma, mama anafikiri baba ametuma, na wiki mbili zinapita. Mtoto mwenye haya hasemi. Anakula mara moja kwa siku, anakopa kwa simu, au anaanza kubahatisha kwa kamari. Kuna binti aliyekubali "kusaidiwa" na mwanamume wa umri wa baba yake, na mambo yalianza kwa deni la chakula. Wazazi hawakumnyima. Kila mmoja alidhani mwenzake ameshughulika.

Kaeni chini kabla ya muhula kuanza

Wiki mbili au tatu kabla ya chuo kufunguliwa, ketini wawili, mkiwa na karatasi na kalamu. Kisha mwiteni mtoto. Yeye ni mtu mzima sasa, ana kitambulisho, na ndiye anayejua bei ya chakula huko aliko. Gawanyeni gharama katika mafungu matatu:

1. Karo ya chuo.
2. Makazi, yaani hosteli au kodi ya chumba.
3. Matumizi ya kila wiki.

Fungu la tatu ndilo huleta ubishi, kwa sababu wazazi hukisia. Msikisie. Mwambieni mtoto aandike. Tuseme ameandika chakula Sh 200 kwa siku, ambacho kwa siku saba ni Sh 1,400. Nauli Sh 300. Nakala za masomo na intaneti Sh 200. Sabuni na vitu vidogo Sh 100. Jumla ni Sh 2,000 kwa wiki. Kama muhula una wiki 15, hizo ni Sh 30,000. Hesabu ya kwenu inaweza kuwa kubwa au ndogo kuliko hii, lakini sasa mnajua mnazungumza juu ya nini. Pengine mtaona kwamba hamziwezi zote. Ni heri kulijua hilo mkiwa mezani kuliko kulijua wiki ya nane.

Njia za kutuma

Kila fungu lina njia yake.

Karo: Ilipeni moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo, ama benki ama kwa nambari ya Paybill. Someni nambari hizo katika barua ya kuitwa chuoni au ziulizeni katika ofisi ya fedha ya chuo. Andikeni nambari ya usajili ya mtoto bila kukosea hata tarakimu moja, kwani kosa dogo huenda likaipeleka karo kwa mwanafunzi mwingine. Hifadhini risiti, na baada ya siku chache mwambieni mtoto awaonyeshe taarifa yake ya karo. Msitume karo kwa simu ya mtu binafsi, hata akisema yeye ni karani wa chuo. Na msimtwike kijana wa miaka 18 majaribu ya kubeba karo ya muhula mzima kwenye simu yake.

Makazi: Ikiwezekana, lipeni hosteli au mwenye nyumba wenyewe. Chukueni jina lake kamili na nambari yake siku mnapompeleka mtoto, na mkubaliane naye tarehe ya kulipa.

Matumizi: Hapa ndipo simu inapofaa zaidi. Wazazi wengi huuliza, tutume mara moja kwa mwezi au kila wiki? Kwa mwaka wa kwanza tumeni kila wiki. Ada za kutuma zimepangwa kwa ngazi kulingana na kiasi, basi kutuma kidogo kidogo hakuleti hasara kubwa. Pesa hupotea zaidi wakati wa kutoa kwa wakala, hasa mtoto anapotoa mia mbili leo na mia tatu kesho. Mfundisheni alipe kwa Lipa na M-Pesa katika maduka na mikahawa yenye nambari ya till, ambako mnunuzi hakatwi ada. Akionyesha uaminifu, mwaka wa pili tumeni kila wiki mbili, na baadaye kwa mwezi. Hivyo anajifunza kupanga.

Kabla ya kubonyeza, simu huonyesha jina la mpokeaji. Lisomeni. Ikitokea mmekosea nambari, upelekeni mara moja ule ujumbe wa muamala kwenye nambari 456 kuomba pesa zirudishwe. Mkichelewa na mpokeaji akazitoa, kazi itakuwa ngumu.

Benki: Mzazi mwenye mshahara anaweza kuiagiza benki yake ihamishe kiasi fulani kwenda kwa akaunti ya mtoto kila mwezi, tarehe ile ile. Faida yake ni kwamba pesa za mtoto hutoka kabla ya mambo mengine kuzimeza. Mtoto mwenyewe anahitaji akaunti, kwani mkopo wa HELB hugawanywa: sehemu ya karo huenda chuoni, na sehemu ya matumizi huenda kwa mwanafunzi.

Kwa mkulima: Wengi wetu hatuna mshahara. Pesa huja na msimu. Mkulima wa chai hupata bonasi karibu na mwezi wa Oktoba, wa mahindi hungoja mavuno, naye mfugaji huuza ndama. Kwenu ninyi, siku ya kutuma pesa huanza siku ya kuuza. Pesa za msimu zikiingia, tengeni zile za muhula mzima siku hiyo hiyo, mziweke katika SACCO, katika chama kinachoaminika au katika akiba isiyotoleka ovyo. Kisha tumeni kidogo kila wiki kutoka hapo. Msisahau chakula chenyewe: unga, maharagwe na njugu vikipelekwa kwa basi mwanzoni mwa muhula hupunguza sana ile Sh 1,400 ya kila wiki.

Kwa mzazi aliye ng'ambo: Baadhi ya mama zetu wanafanya kazi Saudi Arabia na nchi nyingine za Ghuba. Kampuni nyingi za kutuma fedha huweza kuzifikisha moja kwa moja kwenye M-Pesa. Mzazi aliye mbali hushawishika kumtumia mtoto kila anachoomba ili kufidia kutokuwapo kwake. Mama mpendwa, tunakuelewa. Lakini mwambie baba aliyebaki nyumbani ni kiasi gani umetuma, maana yeye ndiye anayemwona mtoto akirudi likizo. Na wewe baba, pesa za karo zikipitia mikononi mwako, mpelekee mwenzako picha ya risiti bila kungoja kuulizwa.

Siku moja, mtumaji mmoja, daftari moja

Chagueni siku ya kutuma, mathalani Jumapili jioni, na mtoto aijue. Akiijua, hatakuwa na haja ya kupiga simu ya kuomba, na siku akipiga simu mtazungumza juu ya masomo na afya yake.

Chagueni pia nani atatuma. Anaweza kuwa mmoja muhula mzima, au mkapokezana. Haidhuru kama pesa zilitoka kwenye maziwa ya mama au kwenye mshahara wa baba. Zikifika kwa mtoto ziitwe "pesa kutoka nyumbani." Mzazi anayesema, "Hizi ni zangu, kumbuka ni nani anayekusomesha," anamgawanya mtoto moyo.

Mkishatuma, andikeni: tarehe, kiasi, na ya nini. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari likae mahali ambapo wote wawili mnaliona. Kwa kufanya hivyo kila mmoja anamwambia mwenzake, "Sina cha kukuficha."

Dharura na matapeli

Mtoto anaweza kuugua au kuibiwa. Kubalianeni mapema ni kitu gani ni dharura, na kiasi ambacho mzazi mmoja anaweza kutuma bila kungoja, tuseme Sh 500. Sharti ni moja: mwenzake aambiwe siku hiyo hiyo. Kikizidi hapo, jibu liwe, "Nimekusikia, mwanangu. Nitazungumza na baba yako, nitakupigia kabla ya saa tatu usiku." Na kweli umpigie. Bibi naye amwambie bwana kwa upole, "Baba watoto, mtoto amepiga simu, tufikirie pamoja."

Jihadharini na ujumbe kutoka nambari ngeni: "Mama, simu yangu imeharibika, nitumie kwa nambari hii." Wengine hupiga simu na kusema mtoto amepata ajali na daktari anangoja pesa. Huo ni utapeli uliozoeleka. Kwanza pigeni nambari ya mtoto mnayoijua, au ya rafiki yake wa chumbani. Inafaa pia jamaa iwe na neno lake la siri ambalo mgeni hawezi kulijua. Haraka haraka haina baraka.

Pesa zikiisha kabla ya wakati

Mtoto akisema kila mara kwamba pesa zimeisha siku ya pili, msikimbilie kumlaani wala kumwongezea. Mwulizeni kuhusu mambo mawili.

La kwanza ni madeni ya simu. Tangu 2019 kuna Fuliza, inayomwezesha mtu kutumia pesa asizokuwa nazo. Mwenye deni hilo akitumiwa pesa, deni hukatwa kwanza. Mnatuma Sh 2,000, yeye anabaki na chache. Mtoto mwenye haya hatawaambia, atasema tu kwamba maisha yamepanda.

La pili ni kamari ya simu, ambayo imewakamata vijana wengi, hasa wavulana. Ikiwa ndivyo, msimkatie chakula. Punguzeni pesa zinazopita mkononi mwake: lipeni chumba wenyewe, pelekeni chakula, tumeni kidogo mara mbili kwa wiki. Kisha baba na mama wamtembelee wakiwa pamoja. Kijana akiwaona wote wawili mlangoni, wakiwa na neno moja, anaelewa kwamba hawezi tena kupita katikati yao.

Mwelezeni pia kwamba mkopo wa HELB ni deni. Hutozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na atalipa yeye mwenyewe baada ya masomo. Akiupata awaambie, ili mpango wa nyumbani urekebishwe.

Na kama ninyi wenyewe hamna pesa, mwambieni ukweli mapema. Mtoto anayejua ng'ombe hajauzwa atabana matumizi. Mtoto anayedanganywa "kesho" kila siku atakopa. Aende katika ofisi ya fedha kabla ya mitihani, si asubuhi ya mtihani, aombe kulipa karo kwa awamu. Ninyi ulizeni kwa chifu kuhusu basari zinazotolewa. Si aibu kuomba msaada mkiwa wawili. Tatizo ni pale mmoja anapokopa kwa siri ili mwenzake asione upungufu.

Maswali ya kuzungumzia nyumbani

Wiki hii, tafuteni nusu saa bila simu wala wageni, mjibizane kwa upendo:

1. Je, mwezi uliopita kila mmoja wetu alimtumia mtoto kiasi gani? Tutaje bila kulaumiana.
2. Je, kuna jambo ninalofanya linalokufanya uogope kuniambia unapomtumia mtoto pesa?
3. Siku yetu ya kutuma ni ipi, na nani atatuma muhula huu?
4. Daftari letu litakaa wapi?

Mkiweza kujibu maswali haya manne bila kugombana, mtoto wenu atakuwa amepata kitu ambacho hakuna wakala anayeweza kukituma: baba na mama wenye neno moja.